Nimerithi zana na mafunzo ya ghala la data, karibu vyote vimeoza: nitupe au nikarabati?

Mtunzaghala:

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo kitengo cha data kwenye taasisi ya mikopo midogo midogo hapa Dar. Tuko wanne. Kila robo mwaka tunawaita maofisa takwimu wa matawi tuwafundishe kutumia ghala la data: kuvuta taarifa za mikopo na marejesho, kuzisafisha, kuzipakia, kisha kuchomoa ripoti. Jamaa aliyekuwa anasimamia kazi hii kahama, kaniachia folda. Siku ya kwanza nilimshukuru Mungu, maana ilikuwa nono: slaidi 212, mazoezi 30, skripti za kujaza kanzidata, video, halafu "mwongozo wa mwisho", "mwongozo wa mwisho kabisa" na "mwongozo wa mwisho kabisa 2".

Siku ya pili nikaanza kuufungua huo mwongozo. Ukurasa wa tatu unamwambia mwanafunzi apakue Talend Open Studio, programu ya kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Aipakue wapi? Qlik waliinunua Talend 2023, na lile toleo la bure likafungwa tarehe 31 Januari 2024. Kanzidata ya mazoezi ni PostgreSQL 11, ambayo imeacha kupewa viraka tangu Novemba 2023. Mifano yote ya Airflow (programu ya kupangia kazi za data ratiba) inatumia neno execution_date, yaani tarehe ya kazi, na mwenzangu kwa kiherehere chake kasakinisha Airflow 3 ambayo neno hilo imeliondoa kabisa. Skrini nzima nyekundu.

Darasa la mwezi jana niliendesha hivyo hivyo. Siku tatu, mbili zikaishia kwenye kusakinisha. Kuna mama mmoja wa tawi la Sumbawanga, kasafiri na basi njia yote ile, akanivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, ina maana nimekuja kujifunza kupakua?"

Sikulala vizuri siku ile.

Darasa lijalo ni baada ya wiki saba. Nitupe yote nianze upya, au nikarabati? Na nikishakarabati, nifanyeje isioze tena baada ya mwaka? Naomba kuwasilisha. Povu ruksa ila liwe na msaada.

Kibajaji:

Karibu chamani mkuu. "Mwongozo wa mwisho kabisa 2" upo kila ofisi nchi hii. Tupa kule, weka dbt (zana ya kupanga data kwa SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata), maisha yaendelee.

Mzee Kifimbo:

Kijana, usitupe. Na usimsikilize Kibajaji, yeye akiona nyumba inavuja anahama mtaa.

Chukua hizo slaidi 212, kila moja iulize swali moja: unafundisha kufikiri au unafundisha kubofya? Za kubofya ndizo zilizooza, na zitaoza tena hata ukizifanya upya leo, kwa sababu kitufe si chako, ni cha mwenye programu. Za kufikiri hazijaoza. Kampuni ya Kimball yenyewe, waliouvumisha muundo wa nyota, ilifunga milango mwishoni mwa 2015, lakini muundo wa nyota bado watu wanauchora kila siku: jedwali la matukio katikati, majedwali ya maelezo pembeni, na kabla hujachora chochote unajiuliza mstari mmoja ni nini. Ni mkopo? Ni rejesho moja? Ni salio la mwisho wa mwezi? Mtu asipolijibu hilo, hakuna programu itakayomwokoa.

Nikupe mfano ninaofundishia mpaka leo. Nilikuwa kampuni moja inayouza pembejeo Nyanda za Juu Kusini. Januari 2016 mkoa wa Songwe ukazaliwa, Mbozi, Ileje, Momba na Tunduma vikatoka Mbeya. Kijana wa kompyuta akafungua jedwali la wateja, akafuta "Mbeya" akaandika "Songwe" kwa wote wa huko. Kazi ya dakika tano, akaenda kunywa chai. Mwaka uliofuata mkaguzi akaomba mauzo ya Mbeya ya 2015. Tukachomoa kwenye ghala. Akaweka pembeni ripoti ile ile iliyochapishwa na kusainiwa 2015. Hazifanani hata kidogo! Ya karatasi kubwa, ya kompyuta ndogo. Meneja wa Mbeya akaitwa ajieleze ni kwa nini alikuwa anapika hesabu. Mzee wa watu alikuwa hajapika kitu. Ni sisi tulioihamisha historia yake kwenda mkoa ambao 2015 haukuwepo.

Dawa yake inajulikana. Mstari wa zamani hauufuti, unaufunga kwa tarehe ya mwisho. Unafungua mstari mpya wenye "Songwe" na tarehe ya kuanza, na kila mstari una namba yake ya ndani ya ghala. Mauzo ya 2015 yanabaki yameshika mstari wa Mbeya, ya 2017 yanashika wa Songwe. Somo hili nimelifundisha kwa SQL ya mkono, nikalifundisha kwa Talend, sasa nalifundisha kwa snapshot za dbt, zinazotunza mistari ya zamani zenyewe. Kurasa zilizobadilika ni nne tu.

Mtihani nawapa Geita, mkoa wa 2012. Huo ulimegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera kwa mpigo. Hapo ndipo utajua nani kaelewa na nani kakariri.

Nyali77:

Hamjambo nyote. Mzee wangu kasema kweli, ila hata hizo kurasa nne lazima awepo wa kuzichunga, na binadamu husahau. Sisi huku Mombasa tulimpa kazi hiyo mashine.

Kila zoezi tumeliandikia jibu lake: idadi ya mistari, jumla ya fedha, na jibu la swali la mwisho. Kila Jumapili usiku mashine inajenga mazingira yote kutoka sifuri, inaendesha mazoezi yote kama mwanafunzi mgeni, inalinganisha. Kikipishana kitu, barua pepe inanijia Jumatatu. Sijifanyi mjuzi, nilijifunza kwa aibu. Faili letu la Docker (programu inayojenga mazingira yale yale kwenye kompyuta yoyote) lilikuwa limeandikwa "latest", yaani toleo jipya kabisa, kwa PostgreSQL. Usiku wa kuamkia darasa, mwenzangu akavuta upya kifurushi cha PostgreSQL (wenyewe Docker wanakiita picha). Toleo kubwa likawa limeruka, na PostgreSQL ya toleo kubwa jipya haifungui faili za data zilizoandikwa na la zamani. Saa mbili asubuhi watu ishirini wamekaa, kanzidata haiwaki, nami natabasamu tu.

Tangu siku hiyo namba ya toleo tunaiandika kamili, kwa kila kitu. Tunapandisha mara mbili kwa mwaka, kwa makusudi, tukiwa na wiki nzima ya kurekebisha. PostgreSQL hutunza kila toleo kubwa kwa miaka 5, kwa hiyo tarehe ya kufa unaijua tangu siku ya kuzaliwa. Iandike kwenye kalenda ya ofisi kama unavyoandika bima ya gari.

Kibajaji:

Dada Nyali, Docker kwenye kompyuta za matawi? Unazijua kompyuta za matawi? RAM 4, na moja inatumika pia kuchapisha risiti.

Chapati Moja:

Kwa hilo Kibajaji ana hoja, nashangaa mwenyewe kuandika hivi.

Mtoa mada, siku mbili za kwanza tumia DuckDB. Haina seva wala nywila. Kanzidata nzima ni faili moja, unaiweka kwenye flashi pamoja na programu yenyewe, mtu anachomeka anaanza. Bando haliguswi. Inasoma faili za data za CSV na Parquet moja kwa moja, na SQL yake inafanana sana na ya PostgreSQL. Tangu toleo la 1.0 la Juni 2024, matoleo mapya yanafungua faili za nyuma, kwa hiyo flashi ya mwaka huu haitakusaliti mwakani.

Kasoro ipo. Haikufundishi ruhusa za watumiaji, wala jinsi watu thelathini wanavyogombania kanzidata moja saa nne asubuhi ya mwisho wa mwezi. Hayo weka siku ya tatu, kwenye seva yenu moja ya PostgreSQL, wao waingie kwa mbali tu. Mwanafunzi asisakinishe seva.

Bint Hamoud:

Swali dogo la pembeni kwa mtoa mada. Hizo data za mazoezi mmezitoa wapi?

Mtunzaghala:

Dada, umenishika pabaya. Ni za wateja halisi wa 2018. Majina yalifutwa. Nimechungulia sasa hivi baada ya swali lako, namba za simu zipo.

Bint Hamoud:

Nilijua. Namba ya simu kwa nchi zetu ni zaidi ya jina. Ukijaribu kuitumia hela tu, jina linatokea lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023, na hizo flashi zenu zimeshafika mikoa mingapi? Kusanya zote kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla ya slaidi.

Halafu tengeneza wateja wa uongo kwa skripti. Skripti hiyo ipe namba moja isiyobadilika ya kuanzishia bahati nasibu yake, ili kila ukiiendesha wazaliwe wateja wale wale, la sivyo majibu aliyoyasema Nyali77 hayatalingana kamwe. Na uwape kasoro za kweli: "Dar es salaam", "DSM", "D'Salaam" na "dar" ndani ya safu moja. Marejesho yaliyoingia mara mbili. Mtu aliyezaliwa 1900 kwa sababu karani aliona uvivu. Data safi hazimfundishi mtu usafi.

Mswahili Ruwi:

Salaam kutoka Muscat. Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa jedwali la kalenda, na kwangu ndilo linalooza haraka kuliko yote.

Watu hulizalisha mara moja, miaka 20 mbele, wanalisahau. Mwaka wa serikali kwenu unaanza Julai 1, mmeuweka? Sikukuu za Idi zinafuata mwezi mwandamo, skripti haiwezi kuziapia. Lazima awepo mtu wa kuzithibitisha kila mwaka kwa mkono. Hapa Oman mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, Mei 2013 yakahamia Ijumaa na Jumamosi. Ghala moja nililolikuta lilikuwa na kanuni moja tu kwa miaka yote, likawa linahesabu Alhamisi za 2012 kuwa siku za kazi na kuuliza kwa nini matawi hayakuuza.

Na Airflow isipoambiwa huenda na saa za UTC, ambazo zipo nyuma ya Dar kwa saa tatu. Kazi uliyoipanga saa sita usiku, Dar inaamka saa tisa. Kama mfumo wa mikopo unafunga siku saa saba usiku una bahati tu, hujapanga.

Mtunzaghala:

Aisee. Nashukuruni sana. Mzee Kifimbo, moja la mwisho: zile kazi za Talend ambazo zinaendeshwa kila usiku kwenye seva (si za mafunzo), nazo nizihamishe kabla ya darasa?

Mzee Kifimbo:

Usichanganye mambo mawili. Talend huzalisha Java, kazi iliyokwisha kutolewa inaendelea kukimbia bila ile Studio. Shida ni siku utakapotaka kuibadilisha. Tafuta nakala ya zamani ya Studio kwenye kompyuta ya mtu, ihifadhi, kisha hamisha kazi moja moja, ukianza na ile inayoguswa mara nyingi. Mtu akikuambia Apache Hop (zana nyingine ya kuhamisha data) itazifungua, muulize vizuri: Hop inaingiza kazi za Kettle, zana tofauti na Talend. Za Talend utaziandika upya.

Na uliza ofisini kwako, hii kazi ya kutunza mafunzo ni ya nani? Ukijibiwa "ya timu", basi si ya mtu.

Mtunzaghala:

Wakuu, mrejesho. Wiki nane zimepita.

Flashi tulizigawa 41, zimerudi 37. Hizo nne zimeandikiwa barua. Bosi alinuna, ila alinuna vizuri, maana aliposikia neno "sheria" akanipa Ijumaa mchana zote ziwe za kutunza mafunzo, kwa maandishi, jina langu limo.

Slaidi zimebaki 64. Mazoezi 30 nimeyaandikia majibu kama alivyosema dada Nyali, na hapo nikakuta aibu nyingine: matatu majibu yake yalikuwa makosa tangu mwanzo, na miaka yote tulikuwa tunawasahihisha watu kwa makosa yetu. Songwe na Geita yamo. Darasa lote lilikwama kwenye Geita, nusu saa ya kelele, nikawaacha wapige kelele.

Kusakinisha kulichukua dakika 25, na kumi kati ya hizo ni flashi iliyoingia kichwa chini.

Mama wa Sumbawanga alikuja tena. Siku ya pili saa tano kanyoosha mkono, akauliza mbona tarehe 7 Julai kwenye kalenda yetu imeandikwa siku ya kazi.

Nimeiongeza Saba Saba.

Kibajaji:

Na Nane Nane je?

Mtunzaghala:

Ngoja nicheki.