Mbwa kachanjwa, kafungwa kizazi, bado mnamlisha sumu?

Wakuu, mnisamehe nikichafua hali ya hewa, ila hili limenikaba kooni.

Jana alfajiri gari la halmashauri limepita mtaani kwetu likirusha vipande vya nyama vyenye sumu. Hakuna tangazo, hakuna kipaza sauti. Mjumbe naye alijua kama tulivyojua sisi, kwa kelele za mbwa. Saa kumi na mbili nilimkuta Bi Mkubwa, mbwa wetu wa mtaa, mbele ya banda la mama chapati, miguu imekakamaa, povu limekauka mdomoni, na lile pengo la sikio la kushoto linaonekana kabisa.

Pengo hilo ndilo linaloniuma. Mwaka jana kaya tisa tulichangishana laki na nusu, bodaboda wa kijiweni wakatoa buku buku, daktari wa mifugo akaja akamfunga kizazi, akampiga chanjo ya kichaa, akamkata sikio ili kila mtu ajue huyu keshashughulikiwa. Cheti chake ninacho hapa mezani, hakijaisha muda.

Halmashauri mnasema mnapambana na kichaa cha mbwa. Kwa akili ipi? Shirika la Afya Duniani linaimba kila mwaka: chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Ukiua waliochanjwa, hiyo asilimia unaishusha mwenyewe. Kule Indonesia, kisiwa cha Flores, waliua mbwa kwa maelfu mwishoni mwa miaka ya 1990, kichaa kikabaki palepale. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, sijui iko kabati gani.

Sumu haichagui pia. Paka wawili wa duka la nafaka wamekufa. Sasa panya wa pale watakamatwa na nani, mtendaji?

Jalala nalo mmeliacha. Utumbo wa kuku unamwagwa pale kila jioni, kwa hiyo nafasi ya Bi Mkubwa wanaichukua koko wa mtaa wa pili ambao sindano hawajawahi kuiona. Usiku wa jana tu nimesikia wageni wakibweka.

Na nyie majirani msicheke. Kuna mtu hapa kila nikimwambia paka wake afungwe kizazi anajibu "ni dhambi kumnyima mnyama uzazi". Kumbe kuvitia vitoto vyake kwenye kiroba na kuviacha sokoni, macho hayajafunguka, hiyo siyo dhambi! Paka anabeba mimba hata hajafikisha miezi sita, piga hesabu mwenyewe.

Kesho saa mbili naenda kwa mtendaji na cheti mkononi. Wa mtaa huu anayekuja aseme hapa. Na anayemjua daktari anayefunga kizazi kwa bei ya kueleweka aniandikie faragha haraka, maana kati ya hao wageni wa jalalani kuna jike la kahawia, chuchu zimeshaanza kujaa.