Wakuu, wimbo wa rock unaruhusiwa kwenye misa ya mazishi?

Korongo_wa_Masasi: Habari za jioni wakuu. Sisi ni Wakatoliki, tupo Masasi. Mzee wangu ana wimbo wake mmoja wa Kizungu, "Dust in the Wind". Kaseti alipewa na bruda mmoja Mjerumani enzi hizo anafanya kazi gereji ya misheni, Ndanda. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini ile fidla ikiingia katikati anavua kofia na hakuna anayethubutu kuongea. Alishasema huo ndio upigwe siku ya mazishi yake, kwaya ikae pembeni. Baba mkubwa hataki hata kusikia, katekista naye anazungukazunguka tu. Nishaurini, usingizi sipati.

Kangomba_Mstaafu: Pole sana kwa msiba, mkuu. Mpigieni mzee wimbo wake. Bibi yangu kule Newala aliagiza sindimba, tukaicheza mpaka shemeji akateguka kiuno. Hadi leo anatudai hela ya dawa.

Fundi_Kaseti: Mzee ana sikio. Hao ni Kansas, bendi ya Marekani, 1977. Kerry Livgren alikuwa anafanya mazoezi ya vidole tu kwenye gitaa, mkewe akamsikia akamwambia hiyo itie maneno. Hamna ngoma humo, magitaa na fidla basi. Ndiyo maana unamwingia mtu hata asiyejua lugha.

Mtu_wa_Mhubiri: Habari ya mavumbi ipo Mhubiri 3:20, hatukuhitaji bendi kutoka Marekani kutuambia. Halafu siku hizi watu wanakuja makaburini na kaptula. Tumefika pabaya.

Jirani_Mkuti: Mkuu, nipo Mkuti hapa na sijasikia msiba wowote wa fundi wa misheni. Mnazika lini?

Korongo_wa_Masasi: Hajafariki.

Kangomba_Mstaafu: Nirudishie pole yangu.

Bi_Mikindani: Mwanangu, mtu mzima haagizi nyimbo za mazishi yake bure. Anaumwa nini?

Korongo_wa_Masasi: Swali langu lilikuwa la wimbo, mama. Ila kwa kuwa umeuliza, ni tezi dume. Daktari alitaka apasuliwe tangu kabla ya msimu wa korosho. Mzee kagoma, anasema sote vumbi, hela isipotee bure. Mimi ni nani nimlazimishe baba yangu? Na spika nimeshanunua, ya kuchaji, maana umeme wa huku mnaujua. Hela ya mnada wa kwanza wa korosho imeishia hapo.

Bi_Mikindani: Yaani baba anakosa usingizi kwa mkojo, wewe unanunua spika! Mume wangu alipasuliwa hiyohiyo tezi, leo anapalilia mikorosho na kelele zake ziko palepale. Natamani nyingine wangezitoa.

Fundi_Kaseti: Mwambie mzee na hili: Livgren mwenyewe alipigwa kiharusi 2009. Hakusema mimi vumbi niacheni. Akatibiwa, akarudi kwenye muziki.

Mnusa_Chai: Hii chai, stori ya kutunga, tena chai ya maziwa. Kaseti ya zamani hivyo bado inalia kwenye joto la Masasi? Bruda wa misheni anasikiliza rock? ID yenyewe imefunguliwa juzi. Weka picha, la sivyo funga uzi.

Mtu_wa_Mhubiri: Nami nilihisi. Anamzika baba aliye hai ili apate wachangiaji!

Korongo_wa_Masasi: Picha ya mzee siweki. Kaseti haina hata lebo. Utepe uliwahi kukatika, akauunga kwa selotepu, na pale kwenye kiungo wimbo unaruka. Mpaka leo akiuimba mwenyewe shambani, anaruka palepale. Sasa hiyo ningeitunga vipi?

Mnusa_Chai: Chai nzuri huwa na tangawizi. Endelea.

Fundi_Kaseti: Mimi naamini. Nimeshaunga kaseti nyingi za watu wa namna hiyo.

Bi_Mikindani: Chai au si chai, hospitali lini?

Korongo_wa_Masasi: Nitaongea naye Jumapili baada ya misa, akiwa ametulia. Ila la wimbo bado hamjanijibu.

Jirani_Mkuti: Muulize paroko, katekista hana kauli.

Kangomba_Mstaafu: Jumapili ya mwaka gani? Na hiyo spika, dukani wakigoma kuipokea, nipo Nachingwea. Taja bei.