Waifai ya nyumbani, data ya 4G au simu ya 5G: nianze na ipi?

Kipepeo
Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kuchagua. Chumbani kwangu waifai inaonyesha vijiti vyote, lakini video inazunguka tu. Nikizima waifai nikawasha data, asubuhi inakimbia vizuri, ikifika saa mbili usiku inakata pumzi. Nina njia tatu: ninunue rauta mpya, niachane na waifai nibaki na bando la simu peke yake, au nibadilishe simu kwa sababu hii yangu inaishia 4G. Hela niliyonayo ni ya jambo moja tu. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

FundiMawimbi
Mkuu, usitoe hela bado. Vijiti vya waifai vinakuonyesha jinsi simu inavyoisikia rauta, basi. Safari ya kutoka kwenye rauta kwenda nje ni nyingine kabisa, na vijiti havijui lolote kuhusu hiyo.

Simama hatua mbili kutoka kwenye rauta, pima kasi. Nenda chumbani upime tena papo hapo, usisubiri kesho. Namba zikikaribiana na zote ziko chini, tatizo liko kwa wanaokuletea intaneti, na rauta mpya haitakusaidia kitu. Ikiwa karibu ni kubwa na chumbani ni ndogo, kuta ndizo zinazokula.

Kisha angalia uko kwenye masafa gani ya mawimbi. Rauta nyingi za sasa zinarusha mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inapenya kuta na kufika mbali, ila ni nyembamba na imejaa: waifai za majirani, bluetooth, hata maikrowevu ikiwashwa, wote wamo humo. Ya 5 ina nafasi na kasi zaidi, lakini ukuta wa zege unaimaliza nguvu. Ukilazimika kubaki kwenye 2.4, ingia kwenye mipangilio ya rauta uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu haziingiliani.

mama_pacha
Kaka Kipepeo, msikilize Fundi. Mimi nilikimbilia rauta mpya, nikaiweka palepale pa zamani, sakafuni nyuma ya televisheni. Ikawa vilevile. Siku moja binti yangu alikuwa anafagia, akaipandisha juu ya kabati karibu na mlango wa korido. Chumbani kasi ikatoka 4 ikafika 22. Yaani ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Hela ile inaniuma mpaka leo.

Kijana_wa_Kodi
Badilisha DNS uweke 1.1.1.1, halafu pakua programu ya kuongeza kasi. Mimi naona tofauti.

FundiMawimbi
Kijana, DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya tovuti. Ikiwa ya mwanzo ilikuwa nzito, kurasa zitaanza kufunguka haraka, hapo uko sahihi. Lakini video ikishaanza kushuka, DNS haina mkono tena. Hizo programu za kuongeza kasi naomba watu waachane nazo. Hakuna programu inayoweza kuupanua mnara, na baadhi zinapitisha mawasiliano yako yote kwenye VPN, yaani kompyuta za kati, za watu usiowajua.

Mwalimu_K
Niingie upande wa data. Kwenye simu nyingi za Android, nenda mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba hasi. Kwa 4G, kwenye -85 uko vizuri, -100 ni ya kawaida, ikishuka kupita -110 simu inahangaika. Isome asubuhi, isome tena saa mbili usiku ukiwa umekaa palepale. Namba ikibaki ileile huku kasi ikianguka, mawimbi hayana shida: mnara umezidiwa na watu waliorudi nyumbani, wote wanagawana.

Na 5G isikutie tamaa. Ile yenye kasi kubwa inatumia masafa ya juu yasiyofika mbali. Ndani ya nyumba unaweza kukuta simu inaruka 5G, 4G, 5G, na betri inaisha kabla ya jioni.

FundiMawimbi
Hapo kwenye 5G nakupinga kidogo, Mwalimu. Kama mnara wao una 5G kwenye masafa yake yenyewe, usiku ndipo inaposaidia, maana simu za 4G haziingii humo. Azima simu ya 5G yenye laini ya mtandao huohuo, upime ukiwa chumbani. Hakuna jibu jingine.

Kipepeo
Nimerudi na namba. Karibu na rauta 31, chumbani 2.8, na simu ilikuwa imeng'ang'ania 2.4. Nimeitoa rauta nyuma ya friji, nimeitundika koridoni, nimeyapa masafa mawili majina tofauti ili nichague mwenyewe. Sasa chumbani kwenye gigahezi 5 napata 19. Data: asubuhi -97, usiku -98, lakini kasi inatoka 24 inaanguka hadi 1.6. Swali: nikipakua faili kwa hiyo 19, simu inaniandikia 2 na kitu. Naibiwa?

Mwalimu_K
Huibiwi. Kipimo kinahesabu megabiti, upakuaji unahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 19 kwa 8 uone.

Kipepeo
Kweli, imekaa sawa. Basi rauta sinunui, usiku natumia waifai. Shemeji ana simu ya 5G na laini ya mtandao wangu, anakuja Jumamosi. Saa mbili usiku tunapima chumbani, naweka namba hapahapa.