UKOO WA NGAMIANI 🌊 (watu 14)

Jumamosi

07:42 Zubeda Leicester: Assalaam alaykum wana Ngamiani. Mama Mkubwa shikamoo. Mwezi wa tatu unaisha na mpaka sasa nina majibu ya watu watatu. Kikundi kina watu kumi na nne. Nauliza kwa mara ya mwisho: Ugiriki Septemba, nani anakwenda, nani haendi?

07:43 Zubeda Leicester: Mji ni NAFPLIO. Sio Athens. Athens tunashuka tu na ndege, tunakwenda kituo cha basi cha Kifissos, mwendo wa saa mbili hivi tumefika. Treni msiulize, ilishasimama zamani.

07:58 Zubeda Leicester: Tiki za bluu naziona.

08:30 Salim Muscat: Wa alaykum salaam dada. Nimesoma ila ulimi umekwama. Nafu-nini?

08:31 Zubeda Leicester: Nafplio.

08:31 Salim Muscat: Nafuu-plio. Kumbe kuna nafuu, sawa 😂

08:32 Zubeda Leicester: Salim tuma pasipoti.

08:40 Rehema Tanga: Shikamoo shangazi. Kuhusu pasipoti, ya Bibi inaisha mwezi wa 11. Sijui kama

08:40 Rehema Tanga: kama itafaa

08:41 Salim Muscat: Bibi mwenyewe haishi, pasipoti ndiyo inaisha 😂😂

08:44 Mwajuma wa Athumani: Hahaha Salim wewe. Mimi swali langu chakula. Huko si nguruwe mtupu?

08:49 Zubeda Leicester: Mishikaki na ile nyama ya kuzungusha, nyingi ni nguruwe, kweli. Lakini huo ni mji wa pwani Mwajuma. Pweza wanaanikwa kwenye kamba mbele ya mkahawa kama nguo, wakishapigwa na jua wanawekwa kwenye makaa. Vidagaa vibichi vinakaangwa na vichwa vyake, ndimu juu. Kuna mboga za porini wanachemsha na kumwagia mafuta ya zeituni, kama mchunga wetu tu. Wewe Mtanga utalala njaa hapo?

08:52 Salim Muscat: Pweza kama nguo!! Mjomba Hamisi amesikia?

09:20 Mjomba Hamisi: 🎤 Ujumbe wa sauti 4:12

09:31 Khadija Dar: Niko kwenye daladala, nani afupishe

09:36 Rehema Tanga: Mjomba anasema pweza asiyepigwa halainiki hata umwanike mwaka. Dakika tatu zilizobaki ni bei ya pweza soko la Deep Sea.

09:38 Zubeda Leicester: Na wao wanawapiga kwenye mawe mjomba, hivyo hivyo. Haya, RATIBA:

09:39 Zubeda Leicester: Siku ya 1 kufika. Siku ya 2 saa 12 asubuhi Palamidi, ngome ya Waveneti juu ya mlima, wenyewe wanasema ngazi 999. Siku ya 3 Mycenae, magofu. Siku ya 4 Epidaurus, uwanja wa maigizo wa mawe wa watu kama elfu kumi na nne, wanasema mtu akidondosha sarafu katikati wa juu kabisa anaisikia. Siku ya 5 boti ya kwenda Bourtzi, kingome kidogo kiko katikati ya maji, halafu makumbusho mawili. Siku ya 6 Tolo, huko kuna mchanga. Siku ya 7 kupumzika.

09:41 Salim Muscat: Dada hiyo ni likizo au JKT?

09:41 Khadija Dar: 😂😂😂

09:44 Rehema Tanga: Shangazi ngazi 999 na magoti ya Bibi?

09:45 Zubeda Leicester: Kuna barabara ya gari kwa nyuma, nimeshaangalia. Bibi atapanda teksi, sisi tutapanda ngazi.

09:45 Salim Muscat: Sisi nani

10:12 Athumani London: Kwa nini Septemba lakini? Agosti watoto wamefunga shule.

10:14 Zubeda Leicester: Agosti joto la kukaanga. Na tarehe 15 ni sikukuu yao ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wote wanahamia pwani, chumba hupati. Septemba bahari bado ina joto na watu wamepungua. Nilieleza Januari Athumani. Panda juu usome.

10:15 Athumani London: Nimeuliza tu.

10:19 Mwajuma wa Athumani: Na msikiti?

10:22 Zubeda Leicester: Athens upo, ulifunguliwa 2020. Nafplio kuna misikiti ya Waturuki kwenye uwanja mkubwa wa mji, lakini mmoja walishaufanya bunge lao la kwanza na mwingine ukawa sinema. Tutaswali chumbani. Halafu jueni kwamba Nafplio ndiyo ilikuwa makao makuu ya Ugiriki mpaka 1834, Athens imekuja baadaye.

10:23 Salim Muscat: Bunge na sinema, tofauti iko wapi 😂😂

10:24 Khadija Dar: Kumbe ni Bagamoyo yao

10:26 Zubeda Leicester: Eeh, Bagamoyo yao. Sasa tuje kwenye pesa. Kianzio pauni 150 kila mtu mzima, ifike kwangu kabla ya Ijumaa. Hoteli hawasubiri.

11:40 Zubeda Leicester: Jamani.

13:05 Zubeda Leicester: Kwenye mzaha mko wengi, kwenye pesa kimya.

13:17 Athumani London: Kwenye akaunti ya nani?

13:17 Zubeda Leicester: Yangu. Ya nani tena?

13:18 Athumani London: Kama ile ya safari ya Mafia?

13:20 Zubeda Leicester: Athumani.

13:20 Mwajuma wa Athumani: Baba Nasri acha

13:22 Athumani London: *Ujumbe huu umefutwa*

13:24 Athumani London: Boti haikuja, pesa haikurudi. Miaka sita sasa. Sijasema mtu kala. Nasema hesabu sijaiona.

13:31 Zubeda Leicester: Mwenye boti aliletwa na nani? Nisiseme. Usiku wa pili nililipia watu tisa hoteli mfukoni mwangu, mpaka leo hakuna aliyeniuliza risiti ya hiyo. Ila boti inakumbukwa kila Idi.

13:33 Salim Muscat: Jamani tazameni paka wa Nafplio 🐈 analala juu ya meza ya watu na hafukuzwi

13:34 Khadija Dar: Salim si wakati wake

13:34 Salim Muscat: Khadija umeshashuka daladala?

Jumapili

08:15 Rehema Tanga: Shikamooni wote. Bibi amenisomesha yote ya jana, hata lililofutwa alishaliona. Anasema niandike anavyosema yeye, nisipunguze.

08:34 Rehema Tanga: Wanangu. Baba yangu alikuwa karani wa Mgiriki kwenye shamba la mkonge, huku Muheza. Kila Jumapili Mgiriki yule alitoa kiti nje, akakaa chini ya mwembe, kahawa kwenye kikombe kidogo kama chetu, tasbihi mkononi. Baba alidhani anamtaja Mungu. Siku moja akamuuliza. Akajibiwa, hapana karani, hii ya kushughulisha vidole tu, kwetu tunakaa hivi hivi ila mbele kuna bahari. Alikaa mpaka kiza, hafanyi kitu, na hakuna aliyemwita mvivu. Serikali ilipochukua mashamba mwaka 67 akaondoka na masanduku mawili, kiti akamwachia baba. Kiti hicho ndicho alichokalia babu yenu miaka minne ninamuuguza. Nyote mnakijua.

08:39 Rehema Tanga: Nimetoka eda, mkasema Mama Mkubwa tukupeleke ukapumzike. Nikafurahi. Sasa naona nimepangiwa milima. Mimi ngazi sizitaki. Magofu sina haja nayo, nyumba ya Ngamiani inatosha. Nataka kiti, bahari iwe mbele yangu, kahawa aniletee mtu mwingine, na asiniulize kitu.

08:41 Rehema Tanga: Na hesabu ya Mafia iwekwe mezani kabla tiketi haijakatwa. Sikai ndege moja na watu wawili wenye kununiana. Nimemaliza.

08:42 Rehema Tanga: Amemaliza. Ameingia ndani.

10:50 Athumani London: Nimesikia Mama Mkubwa. Nisamehe.

10:58 Zubeda Leicester: Nimesikia Mama Mkubwa.

11:20 Salim Muscat: Mama Mkubwa shikamoo 🙏🏾

11:47 Zubeda Leicester: Tasbihi zile wanaziita komboloi. Nafplio kuna makumbusho yake. Ndiyo moja ya yale mawili ya siku ya 5. Sikuwa nakijua kisa cha Mgiriki, Wallahi.

12:30 Zubeda Leicester: RATIBA MPYA. Mycenae na Epidaurus anayetaka aende kwa basi lake. Siku ya 2 mpaka ya 6: kukaa. Saa 4 mpaka saa 6 ufuko wa Arvanitia, uko chini ya mji hapo hapo, unafika kwa miguu, ila ni kokoto, leteni viatu vya maji. Saa 9 alasiri mpaka saa 11 na nusu mji unalala, maduka yanafungwa, kelele hairuhusiwi. Saa 12 jioni kahawa bandarini.

12:33 Salim Muscat: Dada umeweka saa kwenye kukaa

12:33 Zubeda Leicester: Bila saa mtalala mpaka magharibi.

12:34 Salim Muscat: Si ndiyo likizo??

14:10 Khadija Dar: Hivi pasipoti ya Bibi inayoisha mwezi wa 11, mlimjibu Rehema?

14:26 Zubeda Leicester: Inaisha LINI???

14:27 Rehema Tanga: Novemba shangazi. Nilisema jana.

14:31 Zubeda Leicester: Haifai! Inatakiwa ibaki miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya. Rehema kesho asubuhi Uhamiaji, na kitambulisho cha NIDA. Mpya ikitoka ndiyo tuombe viza. Euro 90, na bima ya matibabu isiyopungua euro elfu 30. Salim wewe unaombea huko huko Muscat na hujatuma hata picha.

14:33 Salim Muscat: Naitafuta dada

14:33 Zubeda Leicester: Unaitafuta picha au pasipoti?

14:50 Salim Muscat: Pasipoti

Jumatatu

21:04 Zubeda Leicester: 📷 Picha

21:05 Zubeda Leicester: Daftari la Mafia. Mama Mkubwa hilo hapo.

21:19 Athumani London: Nimeona. Kianzio cha boti kipo, hoteli ipo. Ukurasa wa pili uko wapi?

21:20 Zubeda Leicester: Wa pili una maji ya chai. Nitaupiga picha kukiwa na mwanga.

21:22 Athumani London: Sawa. Nikiuona natuma yangu na ya Mwajuma.

21:22 Mwajuma wa Athumani: Yangu natuma leo. Mimi na wewe tuna akaunti mbili.

21:30 Khadija Dar: Mimi naenda. Ila nalala chumba kimoja na nani?

21:47 Mjomba Hamisi: 🎤 Ujumbe wa sauti 6:03

21:59 Rehema Tanga: Uhamiaji tumekwenda, mtandao ulikuwa chini, tunarudi Jumatano. Na Bibi anauliza, hivyo viti vya bandarini vina migongo?

22:01 Zubeda Leicester: Kesho nawapigia hoteli niulize.