Tupeane uzoefu: ulimpataje mtaalamu wa afya ya akili aliyekufaa?

Mama Nuru
Habari za jioni wakuu. Naanza na yangu ili wengine mpate moyo wa kusema.

Miezi mitatu baada ya kujifungua nilikuwa silali hata mtoto akilala. Nalia, chakula hakipiti, mwanangu namtazama kama wa jirani. Rafiki akanipa namba ya mtu wa mtandaoni mwenye wafuasi wengi, anajiita mwanasaikolojia. Nikalipia vikao vinne. Muda mwingi alinisimulia ndoa yake. Nilipomuuliza amesomea wapi alikasirika, nikaona haya, nikanyamaza. Swali lile nilitakiwa niliulize kabla sijatuma hata shilingi.

Aliyeniokoa ni nesi wa kliniki ya watoto. Alinijazisha hojaji ya Edinburgh, ile ya kupima huzuni ya baada ya uzazi, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na la mwisho linauliza kama umefikiria kujidhuru. Nikajibu ndiyo. Akanishika mkono mpaka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alianza kwa kupima damu na homoni za tezi ya shingo, maana tezi ikivurugika baada ya uzazi huleta huzuni na uchovu wa namna ileile. Kisha akanipa dawa ninayoweza kunywa huku nanyonyesha, akanionya kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, nisiiache njiani. Mazungumzo akanielekeza kwa mwanasaikolojia tiba. Nilikuwa nadhani hao wawili ni mtu mmoja! Dawa anaandika daktari.

Msafiri wa Mtwapa
Pole dada. Mimi ni ajali ya matatu. Baadaye hata honi ikilia nalowa jasho. Kaunsela wa kwanza aliniambia nisahau. Huku Kenya kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake ndiyo inayosajili, kwa hivyo wa pili nilimwomba leseni. Akanionyesha bila kununa. Tulianza kwa kukaa ndani ya gari lililozimwa, nikimsimulia ajali yote tangu mwanzo, tena na tena. Kikao cha tisa nilipanda matatu peke yangu.

Bint Ng'ambo
Mie wasiwasi wangu ulikuwa wa udhu. Natawadha mara nane, tisa, alfajiri inanipita nipo bombani. Nyumbani wakasema jini, nikasomewa. Shekhe wa msikiti wetu, Mungu amlipe kheri, akanambia: mwanangu, kisomo tutaendelea nacho, lakini haya ni maradhi, kamuone daktari.

Mwanasaikolojia wa kwanza alikuwa na shahada zake na moyo mzuri. Lakini kila kikao ni kunituliza: "Usijali, udhu wako umetimia." Nikitoka pale nimepoa, kesho narudi kuuliza lilelile. Kumbe kule kutulizwa ndiko kulikoyalisha maradhi. Wa pili alisomea tiba ya wasiwasi wa aina hii hasa: unakabiliana na unachokiogopa, halafu unajizuia usirudie. Kopo moja la maji, udhu mara moja, na shaka ikija unasali nayo hivyohivyo. Wiki ya kwanza nilitetemeka. Kwa ruhusa yangu alizungumza na shekhe, wakakubaliana, na hapo ndipo moyo wangu ulipotua.

Kwa hivyo leseni muulizeni, lakini muulizeni pia: maradhi yangu haya utayatibu kwa njia gani, na tutajuaje kama inafanya kazi?

Kijana wa Moro
Jamani, hela ya kikao cha binafsi sina. Usingizi umekata tangu baba afariki, mwezi wa nne huu. Naanzia wapi?

Mama Nuru
Pole sana mdogo wangu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, pale mapokezi taja kabisa kwamba unatafuta kliniki ya afya ya akili. Andika kwenye karatasi umelala saa ngapi kila usiku wiki hii, ukifika usije ukasahau. Na mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri siku ya kliniki, nenda idara ya dharura usiku huohuo ukiwa na mtu. Nyumbani uko na nani sasa hivi?

Kijana wa Moro
Niko na shangazi.

Mama Nuru
Mwonyeshe huu ujumbe kabla hajalala.