Naomba ushauri: maiki za juu za kurekodia drams nyumbani, bajeti ndogo

Wadau, habari zenu. Napiga drams kanisani, sasa nataka kurekodi nyumbani, mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa maiki zinazoning'inia juu ya drams. Chumba ni cha mawe, dari iko chini, na majirani tumeelewana mwisho saa kumi na mbili jioni. Mama wa ghorofa ya juu ndiye alikuwa mgumu kidogo.

Nina Scarlett 2i2, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, chenye nafasi mbili, kwa hivyo ni maiki mbili tu. Volti 48 za kuwasha maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme, inatoa yenyewe. Bajeti ni shilingi elfu kumi na tano. Maiki ninazozitazama ni Behringer C-2 na Samson C02, zote huuzwa kwa jozi. Rode M5 naitamani ila mfuko unakataa. Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, mjini, nilionyeshwa jozi ya mtumba, lakini muuzaji alikataa niijaribu, nikaondoka zangu.

Ninachoogopa ni matoazi. Nikirekodi kwa simu, krashi, lile toazi kubwa la kishindo, inalia kama mabati yaliyoangushwa na snea, ile ngoma ndogo ya katikati, inapotea kabisa. Je, hizi za bei nafuu pia zinakwaruza hivyo, au shida ni dari? Nikipima kwa kamba, kila maiki iwe umbali sawa kutoka kwenye snea ili sauti ifike pamoja, zinakaribia kugusa saruji. Au nizibananishe katikati, mtindo wa XY, vichwa pamoja vikielekea pande tofauti, nipoteze upana wa sauti kushoto na kulia kidogo?

Aliyetumia C-2 kwa drams, tafadhali, hasa ukiwa na kipande cha kusikiliza. Na blanketi darini zinasaidia kweli, ama nitaharibu misumari bure?