Dada wa kazi wa kulala ndani hapa Malindi, mshahara kando, nyumba yaongezeka gharama kiasi gani?

mama_pacha
Salaam jamani. Mie ni nesi, nakaa Barani, mume wangu yuko kazini Lamu hurudi mwisho wa mwezi. Nina pacha wa miaka miwili na nusu. Mpaka sasa nina dada wa kuja asubuhi na kurudi jioni, shilingi 400 kwa siku, lakini nimepangiwa zamu za usiku na mamangu magoti yake si ya kuamka amka tena. Nimepata binti wa miaka 23 upande wa Marafa, shangazi yake namjua. Sasa mbali na mshahara, mtu mmoja akiingia nyumbani mfuko waumia kiasi gani? Nilifikiria kumpa 8,000 kwa vile atakula na kulala bure, jirani yangu yuwampa wake 6,000. Sitaki kumuonea mtoto wa watu ila pia sitaki tarehe 20 inikute nakopa dukani.

bi_shela
Waalaikum salaam mwanangu. Mie nimekaa na madada miaka 11 na huandika kwenye daftari. Mchele ulipanda kutoka kilo 10 hadi 14, unga na sukari vivyo hivyo, na usihesabu kwa kunung'unika, mtu afuaye na kubeba watoto kutwa lazima ale. Gesi ya kilo 13 ilikuwa yafika wiki sita, sasa wiki nne na siku mbili tatu. Maji ndiyo usiyafikirie kabisa mpaka mfereji ukauke wiki nzima ununue kwa mitungi. Halafu kaskazi ikiingia, kile chumba chake lazima feni izunguke usiku kucha na tokeni za stima zaenda mbio. Weka sabuni, mafuta, pedi, panadol. Kwangu mie jumla huja 5,500 mpaka 6,500 kwa mwezi, miezi ya joto zaidi. Na kabla hajafika nilitumia kama 9,000 kwa godoro, chandarua, shuka mbili, feni na komeo la mlango. Komeo liwe la ndani, afunge mwenyewe akilala, hilo nakusihi.

karani_ngala
Dada, ongeza na hii. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kwa miji iliyokuwa manispaa kama yetu, kwa ile amri ya mishahara ya Novemba 2024, kiliwekwa karibu 14,870 kwa mwezi. Hiyo 8,000 haifiki kabisa, na ya jirani ndiyo usiiangalie. Tuseme umpe 15,000, wewe mwajiri watoa NSSF, ile akiba ya uzeeni, 900 na ushuru wa nyumba za bei nafuu 225, yeye naye akatwa kiasi hicho hicho pamoja na ya SHA, bima ya afya, 412.50. Kwa hiyo juu ya mshahara wewe una 1,125 yako. Apumzike siku moja katika kila saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo, hapo utahitaji mtu wa kushika nafasi yake, iweke kwenye hesabu mapema.

kadzo_w
Mama pacha mie nimekuwa dada miaka sita, wacha nikwambie polepole. Huyu wa kuja na kurudi wamlipa 400, siku 24 ni 9,600, na jioni yuko kwake na wanawe. Huyu wa kulala ndani wataka umpe 8,000 na mtoto akilia saa nane za usiku aamke nani? Hicho si kulala bure, hiyo ni zamu kama yako ya wodini. Nyumba moja sukari ilikuwa yafungiwa kabatini nami napewa vijiko viwili, mpaka leo nikikoroga chai nakumbuka.

kutoka_casuarina
Mie nilikaa Ujerumani mwaka mzima kama au pair, yaani unaishi na familia unawasaidia watoto. Huko watoa euro 280 kwa mwezi za mfukoni, chumba chako peke yako, chakula, bima juu yao, na euro 70 za kusaidia ada ya darasa la lugha, na kazi isipite saa 30 kwa wiki. Ni za mfukoni kwa sababu masaa ni machache na umeenda kujifunza. Kwa hiyo mtu asiuchukue ule mpango wa chumba na chakula akaubandika kwa dada anayeamka kumi na moja alfajiri akalala saa nne usiku. Siku ya kwanza mama wa ile nyumba alinifungulia friji akanambia kilichomo chochote nile nisiulize. Nililia usiku ule.

mama_pacha
Kadzo ile hesabu ya 9,600 imeninyima usingizi, wallahi sikuwa nimeiona. Nimeongea na mume wangu, tutampa 15,000 na makato tutalipa, ile sofa tuliyotaka kuchukua kwa mkopo tumeiacha. Bi Shela, hilo godoro la inchi sita latosha ama ninunue la nane? Jumamosi naenda Marafa kuwaona wazee wake.

bi_shela
Sita latosha mwanangu, ila liwe gumu. Na mpigie fundi wa komeo kabla ya Jumamosi.